Kata Kulia kwa Kinyozi

Rubani hakuwahi kurusha hata tiara. Alikuwa msukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege, na cheo cha urubani alijipa mwenyewe, wenzake wakachoka kumbishia.

"Uwanja huu naujua kama kiganja changu," alimwambia shangazi yake asubuhi hiyo, akimfunga mkanda wa kiti. "Nifunge kitambaa machoni, utafika tu."

Shangazi, ambaye nyonga yake ilikuwa bado haijapona vizuri, alikuwa anasafiri kwa binti yake wa pekee, aliyekaribia kujifungua ng'ambo. Viza yake ilikuwa inakwisha kesho. Akiikosa ndege hii, basi tena, mjukuu atamwona kwenye simu.

Rubani alimfikisha getini akipiga mluzi. Geti lilikuwa tupu, amebaki mfagizi na ndoo yake.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "ndio ninapanda hiyo ndoo?"

Geti lilikuwa limebadilishwa tangu alfajiri. Skrini zote zilisema hivyo, lakini Rubani huwa hatazami skrini. Hizo, anasema, ni za wageni. Geti jipya lilikuwa upande wa pili kabisa. Wasanifu walikuwa wameuchora ukumbi kama utumbo, ili abiria asifike popote kabla ya kupita mbele ya kila duka. Njia inayojiendesha ya kubeba abiria ilikuwa imesimama na lifti ilikuwa kwenye matengenezo. Spika ikaita abiria wa ndege ya Shangazi, ikasema haitarudia.

Rubani akatoka mbio. Walipofika duka la manukato, Shangazi akainua mkono.

"Kata kulia."

"Shangazi, huo ni ukuta."

"Nimeishi hapa kabla hujaota meno. Kata kulia, kwa kinyozi."

Rubani alilelewa akijua shangazi habishiwi mara mbili. Akakata kulia. Ukuta wa vigae ukawapisha, kwa sababu hapo zamani palikuwa na uchochoro, na uchochoro hakuna aliyeuambia kwamba umehamishwa.

Magurudumu yakaanza kurukaruka kwenye changarawe. Nyumba za mtaa uliobomolewa kupisha uwanja zilikuwa zimesimama huku na huku, mabati na kutu yake ileile. Uongozi ulikuwa na habari nazo. Uliweka kibao cha "Wafanyakazi Tu" ukaendelea na shughuli zake. Abiria mmoja mwenye sanduku kubwa aliuliza choo kiko wapi, akaelekezwa nyuma ya banda la kuku, akashukuru.

Kinyozi, aliyefariki mwaka ule wa matingatinga, alikuwa mlangoni akipuliza nywele kwenye mashine yake.

"Vile viwanja tulivyoahidiwa, mmepewa?"

"Bado," Shangazi akajibu. "Wanasema mwezi ujao."

"Ahaa. Bado ni ule ule mwezi ujao." Akarudi kwenye mashine.

Mbele kidogo, dirishani, mama yake Rubani, marehemu naye, alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chomekea shati. Unasukuma watu wazima shati nje?"

Rubani akachomekea kwa mkono mmoja, kiti kikaenda upande.

"Wifi," Shangazi akasema wakipita, "binti yetu anajifungua."

"Nimesikia. Akiwa wa kike asimpe jina langu. Lilinitesa sana shuleni."

Wakakata kushoto kwenye bomba la maji, wakasukuma mlango wa bati, wakatokea kando ya meza ya geti. Dada wa geti alikuwa ameshashika kamba ili afunge.

"Mama, harakisha, tunakusubiri wewe tu."

Shangazi akambusu Rubani kwenye paji la uso, akaingizwa ndani. Mlango ukafungwa nyuma yake. Baada ya muda ndege ikarudi nyuma, ikageuka, ikaondoka naye, na Rubani akaipungia mkono mpaka ikawa nukta.

"Lakini mmetokea wapi?" dada wa geti akauliza. "Pale hakuna mlango."

Rubani akatunisha kifua. "Njia zangu hizo, dada. Kazi hii inataka moyo mgumu. Wengine wangechanganyikiwa pale, wangelia."

Kinyozi akatoa kichwa ukutani.

"Mama ameshapanda?"

"Ameshapanda," dada wa geti akasema.

"Afadhali. Na huyu, amenyamaza? Kutoka dirishani kwa mama yake mpaka bombani ni kilio cha sauti. Watu wametoka nje wakidhani kuna msiba."

"Lilikuwa vumbi," Rubani akasema.

"Vumbi gani? Mama yako amefagia uchochoro mzima tangu alfajiri, aliposikia unapita."