Pumu ya Kibibi

Pili alikuwa akimenya mihogo jikoni kwake Mkunya pale chungu cha darini kilipopata ufa. Alisikia mluzi mwembamba ukitoka, akajua pumu ya mwanawe Kibibi imechoka kukaa.

Mkunya wamezoea kuweka magonjwa. Fedha huja na korosho, na homa haijui msimu. Basi mtu akiugua wakati wa masika hufukizwa, ugonjwa ukaingia chunguni, mfuniko ukazibwa kwa unga wa muhogo, naye akarudi shambani. Korosho zikiuzwa ndipo ugonjwa hurudishwa mwilini ukatibiwe. Uangalifu unatakiwa. Kuna mama aliyechemshia maharage kwenye kikohozi cha shemeji yake, na ukoo mzima ukakohoa mpaka Idi.

Mwaka huu ilifika bima mpya, ya kutibiwa bila kungoja korosho. Pili na mumewe Fikirini walikuwa wa kwanza kujiunga. Kwa hiyo Pili hakubabaika. Alikifunga chungu kwa kanga, akapanda bodaboda na Kibibi, mzima wa afya, anatafuna muwa.

"Shikamoo, mama," alisema Gasper, kijana wa mapokezi hospitalini.

"Marahaba, baba. Nimeleta pumu."

Gasper alitega sikio chunguni, akaridhika. "Ya nani?"

"Ya mwanangu huyu."

Aliangalia kompyuta. "Hamo. Wamo uliowazaa tu."

"Huyu kazaliwa na marehemu dada yangu. Mtoto wa dada ni wangu. Ulitaka awe wa nani?"

"Hata kwetu Chiungutwa ni hivyo hivyo, mama. Mashine ndiyo haijafundwa."

Pili alikasirika, na alikuwa na haki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga, wala hawakuuliza nani alibeba mimba. Ufa ulikuwa umeshafika kitakoni, na pumu ikitoka yenyewe humrudia mwenyewe. Kibibi aliacha muwa, akashika kifua.

"Mimi nimo?" Pili aliuliza.

"Wewe umo, mama."

Alibandua unga, akainamia chungu, akaivuta pumu yote kwa pumzi moja.

Haikumkaa vizuri. Ilikuwa ya mtoto, ikambana kama shati la shule la Kibibi. Midomo ilimgeuka kijivu, lakini mkono wa mtoto hakuuachia. Waliokuwa kwenye foleni walisogea wampishe. Muuguzi alileta dawa ya kuvuta na mtungi wa oksijeni, haraka, kwa heshima, bila malipo. Bima ilifanya kazi kama walivyoahidiwa.

Kibibi alimtazama, analia. "Mama, nirudishie nusu, nikusaidie."

"Acha," Pili alisema, akihema. "Wewe huna bima."

Gasper aliita anayefuata. Alikuwa bibi mmoja wa Lupaso na mjukuu wake, na bibi alishaanza kubandua unga wa chungu chake.