Kisima Chetu Kinafanya Kazi

Wewe mgeni akifika kwako ana kiu, utamwambia maji hakuna? Sisi hatukuweza.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, tulisikia kijana wa serikali anazunguka vijiji vya huku Mafinga na kishikwambi, anaandika visima. Pampu yetu hukauka kila mwaka, toka Agosti mpaka mvua. Mwenyekiti wetu ni shemeji yangu Kasian, mdogo wake marehemu mume wangu. Akasema tusiaibike. Tukateremka korongoni, tukapandisha ndoo sita, tukazimimina zote kisimani asubuhi ile ile aliyokuja.

Kijana alikuwa mpole, jina lake Fred, viatu vimejaa vumbi jekundu. Akapampu mara nane, maji yakatoka. Akapiga picha. Akaniuliza, "Bibi, yanatoka mwaka mzima?"

"Yanatoka, mwanangu. Kunywa."

Akanywa vikombe viwili. Mkamwana wangu Tusekile alikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yake. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Alivyolelewa, mwanamke hajitokezi mbele ya baba mkwe, na Kasian, ambaye kwake naye ni baba mkwe, alikuwa amesimama pale pale. Miaka sita ameolewa hapa, Kasian hajawahi hata kuisikia sauti yake.

Kijiji jirani walimwonyesha Fred pampu yenye kutu, na mama mmoja akamlilia kabisa. Tuliwacheka, tukasema wamejianika. Mwaka huu wao wamepata bomba.

Jumamosi iliyopita asubuhi Tusekile alifunga mzigo. Safari nne kwa siku kushuka korongoni na kupanda, mgongo umemshinda, anarudi kwao na mjukuu wangu Lugano. Nilimwomba asubiri kidogo. Nilijua sina cha kumsubirisha.

Asubuhi hiyo hiyo akaja mjukuu wangu mkubwa, Eveline, anafanya kazi stesheneri mjini. Alikuwa na karatasi aliyoichapisha huko kazini. Akasema orodha ya visima vyote iko wazi mtandaoni, yeyote anaisoma, na wilaya wanaanzia hapo kupanga nani achimbiwe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinifundisha: shuka na rula mpaka jina la kijiji, halafu nenda kulia pole pole, kisanduku kimoja kimoja. Kinafanya kazi. Maji mwaka mzima. Watu mia nne na kumi na mbili. Kisanduku cha mwisho kiliandikwa aliyetoa taarifa: mwanamke, mtu mzima.

Rula ikabaki hapo. Hawakuandika jina, lakini nilijijua.

"Inarekebishwa, bibi," Eveline akasema. "Tunaandika barua, babu anasaini."

Kasian, tuliyekuwa tumemwita, akaisukuma karatasi. "Nisaini kwamba tulimdanganya mgeni? Mimi siyo mwehu."

"Babu, hapa imeandikwa mna maji."

"Basi tunayo. Kwani wewe umekunywa nini leo?"

"Aliyobeba mama Lugano."

Kasian akacheka peke yake.

Tusekile akatoka ndani, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Nilidhani atatupita. Akautua mzigo chini, akaja akasimama mbele ya Kasian, uso kwa uso. Kasian akageuza macho upande.

"Siku ile ya kijana wa serikali nilitaka niulizwe mimi," Tusekile akasema. "Mimi ndiye ninayechota."