Kilio Kisichouzwa

Huyu dada alishafanya kila kazi ya filamu isipokuwa ile ya kuonekana. Alianza kwa kushona nguo za waigizaji, akaja kupaka watu vidonda vya uongo, kisha akawa anaanguka ngazi kwa niaba ya mastaa wanaojipenda, mpaka kiuno chake kikagoma. Ndipo akahamia chumba cha sauti. Humo alitazama skrini akatembea kwa viatu vya kila mtu ili vishindo virekodiwe, akakohoa, akahema, na zaidi ya yote akalia. Staa anafumbua mdomo tu, kilio ni cha dada. Wajane wote uliowahi kuwaonea huruma ni yeye, na jina lake hulijui.

Mama yake alipofariki, alilia kama binti yeyote. Mtu mmoja pale msibani, hana hata haya, akanong'ona kwamba kilio hicho ameshakisikia kwenye filamu. Uongo mtupu. Hicho kilimtoka bila kumwomba ruhusa, na kaka yake alimshika mkono mpaka kikaisha. Mwongozaji wake naye alikuwepo, amekaa nyuma, kainamisha kichwa kwa heshima zote.

Heshima gani! Dada aliporudi studio, mwongozaji alimwonyesha kipande cha binti anayemzika mama yake, kisha akatoa simu na kuibonyeza. Dada akajisikia mwenyewe akilia, viti vya msiba vikikwaruza, na sauti ya kaka yake ikisema, "Niko hapa, dada." Mwongozaji akaeleza kwamba anataka kilio hichohicho, ila kisafi, maana cha simu kina makelele. Akikataa, atakitumia hivyohivyo.

Damu ilimchemka. Aliipokonya ile simu, akakifuta kilio mbele ya mwenyewe, wala hakupepesa macho.

"Misiba yako yote nimekulilia," alisema. "Mama yangu hakufia kwenye filamu yako."

Mwongozaji akavimba, akafoka kwamba kazi hana tena. Sawa. Dada akavua viatu vya staa alivyokwisha kuvaa, akaviweka mezani, akamwambia basi amtafutie staa wake miguu, maana nusu ya filamu bado anatembea bila kishindo. Mabango yenye tarehe ya kuonyeshwa yalikuwa yameshabandikwa mji mzima. Mwongozaji akavitazama vile viatu, akamwambia avivae.

Ndiyo maana yule binti wa kwenye filamu anamzika mama yake mdomo wazi, sauti hakuna. Watu walimsifu mwongozaji kwa ubunifu, naye, macho makavu, akazipokea sifa zote. Dada hakujali hata chembe. Siku ya kuonyeshwa alikaa ukumbini na kaka yake. Staa alipofumbua mdomo, ukumbi mzima ukanyamaza, na kaka akaushika mkono wa dada yake, kwa sababu ni wao wawili tu waliokuwa wanakisikia kile kilio.