Waya Juu ya Kitanda cha Mama Ngosa

Jumamosi asubuhi Kapembwa alizima meinswichi kwa mama mkwe wake, Mama Ngosa, akaijaribu taa ya jikoni kuhakikisha umeme hamna, halafu akapanda darini. Nyumba zile za mgodi wa shaba zina waya za kizamani, za kuvikwa kitambaa. Ile ya chumbani kwa Mama Ngosa ilikuwa inatoa cheche. Moja ilishatoboa shuka akiwa amelala.

Kapembwa alikanyaga boriti tu, maana ukikanyaga ubao wa dari unashuka nao. Waya mpya aliitia kwenye bomba la plastiki, akalibana kwa klipu ubavuni mwa boriti. Ilienda fresh mpaka ukuta wa chumba. Hapo akasimama.

"Vipi tena?" Ngosa, mkewe, aliuliza toka chini.

"Mbele ni kitanda cha mama yako."

Kwa mila yao mkwe hata mkono hampi mama mkwe, sasa apite juu ya kitanda chake?

Mama Ngosa alikuwa barazani, kawapa mgongo. "Mwambie mumeo aizungushe nje."

"Mwambie mama, nje mvua itaila."

"Basi mwambie aniache niungue kwa heshima."

Baba Ngosa, mume wake, alikuwa ameshakaa kwenye boriti ya pembeni, kofia ya mgodini kichwani, taa yake inawaka, buti zina matope mabichi. Huyu alishuka mgodini miaka sita iliyopita, hakupanda. Ofisi ya mgodi ikasema katoroka, yuko Kongo na mwanamke, kwa hiyo hakuna kuchimba kumtafuta, hakuna matanga.

Kapembwa alipiga makofi taratibu, kama mkwe anavyosalimia.

"Unatembea kama kuku juu ya kamba," Baba Ngosa alisema. "Lete hiyo. Hiki chumba changu."

"Baba, Kongo vipi?" Ngosa aliuliza.

"Sijafika. Mwamba umenikalia mguu tangu siku ile."

Mzee akapitisha waya juu ya kitanda, akabana klipu zote, maungio akayafungia kwenye kiboksi chenye kifuniko. Kapembwa akarudisha umeme. Taa ikawaka, haikunuka kitu.

Ngosa akaenda kumwita bwana wa ofisi ya mgodi. Alikuja mchana, akasimama chini ya tundu la dari. Tope likamdondokea kwenye kola, akalifuta kwa leso.

"Mzee, wewe uko Kongo."

"Niko hapa."

"Hapa siyo mgodini. Aliyefia mgodini lazima awe mgodini."

"Basi shukeni mnitoe."

"Hatuchimbi kutafuta mtoro." Akamaliza maji aliyopewa, akashukuru, akaondoka.

Mama Ngosa alimpitishia mumewe juu sahani ya nshima, ugali wa kwao, na dagaa wa kapenta. "Mwambie mumeo waya imekaa vizuri," alimwambia binti yake.

Kanisani bado hawajamkaribisha kwenye benchi la wajane. Siku hizi taa ya chumbani anaizima mapema, maana ile ya kofia inapenya kwenye nyufa za dari na inamtosha. Asubuhi anafua shuka. Matope hayatoki vizuri.