Dada wa Kukodi

Mama alinichomoa utepe mweupe nyweleni, ule unaovaliwa na mabinti wa marehemu, akamvisha mwanamke wa kukodi. Tulikuwa kwenye ukumbi wa msiba, baba yangu hata hajazikwa.

"Kaa jikoni, Seon-hwa," akasema. "Wakwe wa mdogo wako wako njiani. Usituaibishe."

Aibu! Watu hawa walikuwa nayo tangu lini?

Mambo yalianzia kwenye harusi ya mdogo wangu, Ha-yeong, mjini Daegu, huku kwetu Korea. Mimi nina usonji. Simtazami mtu machoni, sijui kuchekea kisichochekesha, na nikiulizwa kama gauni limependeza, najibu. Basi mama na Ha-yeong wakaenda kwenye kampuni inayokodisha wageni wa harusi, wakajichagulia dada mwenye tabasamu. Akapigwa picha ya familia kwa jina langu, na mama mkwe akamsifu kuwa dada mtu ana utu. Mie niliambiwa nibaki nyumbani nimwangalie paka.

Baba alipougua, waungwana hao wawili walikuja hospitali na juisi, wakakaa kidogo, wakakumbuka foleni za barabarani. Mimi ndiye niliyelala kwenye kile kitanda kifupi cha ndugu wanaouguza mgonjwa, nikimgeuza na kumsafisha. Huko hakuna aliyenikodia mtu.

Sasa ukishamkodi dada harusini, itabidi umkodi na msibani. Hilo mabingwa wangu wa adabu hawakuwa wamelifikiria.

Wakwe waliingia, wakaisujudia picha ya baba, kisha wakaigeukia familia. Mama mkwe akamshika mkono yule wa kukodi.

"Pole, mwanangu. Alisema neno lolote mwishoni?"

Yule mwanamke akamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Wangejuaje, na hawakuwepo?

"Alitaka dirisha lifunguliwe," nikasema. Nilikuwa mlangoni na sinia ya supu. "Nikalifungua. Akasema hewa nzuri."

Mama mkwe akageuka. "Na wewe ni nani?"

"Mfanyakazi wa ukumbi huyo," Ha-yeong akadakia.

"Mimi ni binti yake mkubwa," nikasema.

Nikaweka sinia chini, nikaenda kwenye mstari wa wafiwa, kando ya picha ya baba. Mama hakusogea. Ha-yeong akajitanua pale aliposimama, nisipate pa kupenya.

Yule wa kukodi ndiye aliyenipisha.