Mtumiaji Huyu Hayupo

Watu wa kompyuta wana tabia ya kukipa kitu kidogo jina kubwa, na Razan alikuwa mmoja wao. Ukimuuliza kazi yake, angekwambia anabuni na kuunganisha mifumo ya masomo ya mtandaoni kwa mujibu wa viwango. Maana yake ni kwamba kuna mtu Nairobi ameandika masomo, kuna wanawake visiwani wenye vishikwambi, na Razan, akiwa ameketi nyumbani kwao kisiwani Amu, ndiye anayehakikisha masomo yanafunguka kule hata pasipo na mtandao, na majibu yanarudi huku mtandao ukipatikana.

Hivyo viwango navyo ni masharti tu ya namna ya kuandika yanayotokea, ili mashine ya huyu ielewane na mashine ya yule. Sharti kubwa ni kwamba kila tukio liwe sentensi moja: nani, amefanya nini, kwenye kitu gani. Fulani amefungua somo la pili. Fulani amejibu swali. Sentensi hizo zilimiminika kwenye skrini ya Razan kila vishikwambi vilipopata mtandao, naye alizisoma zote, ingawa hakuna aliyemtaka azisome. Alizisoma kwa sababu zilikuwa habari za watu.

Alikuwa mwanamke mpweke, tusizungushe maneno. Wazazi walikwisha kufa, ndugu wako Mombasa na Maskati, na yeye alirudi kutoka Nairobi akidhani mtaa aliouacha umekaa unamngoja. Mtaa aliukuta, watu hakuwakuta. Nyumba ya kulia ilikuwa imenunuliwa na wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, na ya kushoto vivyo hivyo. Siku nzima ilipita hajatamka neno ila kuitikia salamu dukani. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kuudhi, kwa hivyo mara nyingi alikula mkate mkavu akiwa amesimama wima jikoni.

Masomo yenyewe yalikuwa ya usafi wa chakula, kwa wanawake wanaopika na kuuza. Ukimaliza unapata cheti, na mwenye cheti ndiye atakayepewa kazi ya kupikia shule. Kisiwani Ndau walikuwa wamepelekewa kishikwambi kimoja cha majaribio, kikafunguliwa akaunti kwa jina la msichana mmoja anayeitwa Nusra. Wanawake wengine walioandikishwa walitakiwa kupokezana, kila mmoja aingie kwa jina lake. Hakuna aliyeingia. Kila kitu kilichotoka Ndau kilikuwa cha Nusra.

Na majibu ya Nusra hayakuwa majibu ya kawaida. Swali: Kwa nini ni muhimu kufunika chakula? Wanawake wa vijiji vingine waliandika, kwa sababu ya vijidudu. Nusra aliandika, "Kwa sababu ya nzi, na kwa sababu ya jicho la jirani." Swali: Taja hatari moja ya barafu iliyoyeyuka. "Hatari ni kwamba umeagiza barafu na umeletewa maji." Swali: Mteja akirudisha chakula akisema kimeharibika, utafanya nini? "Kwanza nitaangalia ni nani. Akiwa ni wifi yangu, hayo ni mambo ya tangu harusi. Akiwa mwengine, nitaonja. Kikiwa kimeharibika kweli nitampikia kengine, lakini anyamaze."

Majibu hayo yalipita kwa Razan ayape alama. Siku ya barafu alicheka kwa sauti, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua mle ndani. Alimpa alama zote. Kwa haki hakustahili hata nusu.

Mwisho wa kila somo Razan alikuwa ameweka kisanduku: Je, una swali kwa mwalimu? Hakuna aliyekuwa akikitumia, watu waliogopa. Nusra akakitumia.

"Mwalimu, ushakula?"

Razan aliitazama ile sentensi muda mrefu. Tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Angeweza kujibu ndiyo, yakaisha. Aliandika, "Bado."

Kesho yake mtandao ulipopatikana Ndau, jibu lilikuja. "Kwa nini? Nani amekuudhi?"

Basi ikawa ndiyo mazoea yao. Somo likiisha, Nusra huuliza, Razan hujibu, na Nusra humgombeza. Ale wali, asile mkate kila siku. Afungue dirisha. Kama nyumba ni kubwa, afunge vyumba asivyovitumia, asivitembelee kama mlinzi. Razan akaanza kupika mchana, ili akiulizwa awe na la kusema. Alikuwa amepata rafiki, na hakujua hata sura yake.

Ndipo Mugambi akapiga simu kutoka Nairobi. Mugambi alikuwa mkubwa wake, mtu mpole mwenye kupenda majedwali yaliyojaa.

"Razan, hii Ndau inanisumbua. Huyu Nusra anajibu asubuhi, anajibu mchana, anajibu jioni. Na wengine wote hawana kitu. Mfadhili anauliza kama ni mtu ama ni ujanja."

"Huenda wanasoma pamoja," alisema Razan. "Kiwango kinaruhusu. Pale penye 'nani' unaweza kuweka kikundi badala ya mtu mmoja. Sisi tu ndio hatukukiunda."

"Cheti kinaandikwa jina la mtu mmoja. Kikundi kitapikia shule gani? Tutawapelekea kila mmoja kishikwambi chake. Wewe tengeneza mlango mzuri, kila mtu aingie kivyake. Ndau ikikaa sawa, ukiidhinisha, tunafanya hivyo hivyo Kiunga."

Razan hakubisha zaidi ya hapo, na sababu aliijua mwenyewe. Alitaka kumjua Nusra. Wengine wakishatengwa, atabaki rafiki yake peke yake, na maneno yake peke yake. Kwa hivyo aliitengeneza kazi ile kwa mapenzi. Aliweka picha ya uso na nambari ya siri. Aliweka aya fupi ya kusoma kwa sauti, ili mfumo umjue msomaji wa kiwango gani kabla ya kumfungulia. Aliwawekea na vile vya kutia masikioni, wasisumbuliwe na kelele za nyumbani. Akaunti ya zamani akaifunga, na kwa yeyote atakayejaribu kuingia bila kusajiliwa akaandika ujumbe mfupi usio na ukali: Mtumiaji huyu hayupo.

Vishikwambi vikapakiwa botini, vikaenda.

Jedwali la Ndau likawa kijani kibichi juu mpaka chini. Kila jina lilikuwa na sentensi zake. Mugambi alifurahi mpaka akatuma picha ya jedwali lile kwa kila mtu ofisini. Razan alimtafuta Nusra, akamkuta. Mteja akirudisha chakula, utafanya nini? "Nitamwomba radhi na kumrudishia pesa zake." Lilikuwa jibu sahihi, na lilimuuma Razan kama tusi.

Kisanduku cha maswali kilikaa kitupu. Siku zilipozidi akashindwa kuvumilia, akaandika yeye, "Nusra, mbona kimya? Nimekukosea?"

"Assalaam aleikum mwalimu. Nimemaliza somo la sita. Ahsante sana."

Razan alirudi kula mkate. Aliona aibu, mtu mzima kusononeka kwa sababu ya kisanduku alichokitengeneza mwenyewe, lakini kuona aibu hakukumpunguzia kitu. Mugambi alipomwandikia kwamba Kiunga wanangoja idhini yake, akamjibu kwamba anataka kwanza kuona Ndau kwa macho yake. Kesho yake alipanda boti.

Nusra alimpokea gatini. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu, anayezungumza akitazama chini. Razan alimkumbatia kwa nguvu kupita ilivyofaa, akahisi mabega ya yule msichana yamekakamaa. Hakuwa yeye. Razan alilijua hilo hata kabla hajauliza.

"Yale majibu ya mwanzo," alisema walipokuwa wakitembea. "Ya barafu, ya wifi. Na kuniuliza kama nimekula."

Nusra akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yale si yangu, mwalimu. Mimi n'kiandika tu. Alokuwa akisema ni Bi Mahfudha."

Akamweleza. Bi Mahfudha kwao Amu, aliolewa hapa, mumewe ameshakufa na watoto hakujaaliwa. Paneli yake ya sola ndiyo yenye nguvu, kwa hivyo kishikwambi kilikaa jikoni kwake. Wanawake walikwenda kwake kila mmoja apatapo nafasi, asubuhi, mchana, jioni. Nusra alisoma swali kwa sauti, wakabishana, wakacheka, na mwisho Bi Mahfudha alitoa hukumu ikaandikwa. Yeye mwenyewe hajui kusoma.

"Na sasa?"

"Sasa kila mtu ana chake. Twasoma majumbani, tukipata wasaa. Bi Mahfudha alijaribu kusajiliwa. Ikamtaka asome maneno. Akatuambia, someni nyinyi, mimi nishachoka."

Walipita milango kadhaa iliyo wazi. Katika mmoja mwanamke alikuwa akiparuza samaki, nyuzi nyeupe zinamning'inia masikioni, akitikisa kichwa peke yake. Katika mwingine mwanamke alikuwa ameketi kizingitini, skrini mapajani. Nusra alimsalimu. Hakusikia.

Jikoni kwa Bi Mahfudha majamvi bado yalikuwa yametandikwa, mengi kuliko anavyohitaji mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa mnene, wa makamo, mwenye sauti kubwa iliyojaza kile chumba.

"Ndoo, mwanangu, ingia. Weye ndiye mwalimu? Nalidhani wewe mzee." Alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni. "Ushakula?"

Machozi yalimtoka Razan. Alitikisa kichwa. Bi Mahfudha hakumuuliza analilia nini. Alimwekea sahani ya mahamri na mbaazi, akakaa mbele yake akimwangalia anavyokula, na Nusra akaaga kwenda kwake kumaliza somo.

Dirishani, chini ya waya wa sola, kilikuwepo kile kishikwambi cha zamani, kioo kimepasuka pembeni. Taa yake ya chaji ilikuwa imewaka.

"Bado unakitumia?" aliuliza Razan.

"Nakitia chaji tu kila siku. Nasema huenda kikarudi." Bi Mahfudha alikichukua, akakifuta kwa ncha ya leso. "Nikikigusa chaniuliza nambari ya siri. Nami sina siri, Ndau nzima wayua mambo yangu. Labda wewe wayua kukifungua."

Razan alijua. Aliingia kwa nenosiri la ofisi na lile somo likafunguka. Bi Mahfudha alivuta jamvi karibu, akajiweka sawa kabisa. Razan akamsomea swali kwa sauti: Utajuaje kama mafuta ya kukaangia hayafai tena?

"Utayua wageni wakianza kusifu chai badala ya mahamri," alisema Bi Mahfudha papo hapo, akacheka mwenyewe, kisha akatazama mlangoni kuona nani mwengine amecheka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Razan aliandika neno kwa neno. Pale penye 'nani' akaandika Mahfudha. Akatuma.

"Yasemaje?" Bi Mahfudha alikuwa ameinama juu ya kioo, akiyatazama maandishi asiyoweza kuyasoma. "Nimepata?"

Razan angeweza kumdanganya. Lakini huyu ndiye mtu pekee ambaye Razan hakuwa amemdanganya hata kuhusu mkate.

"Yasema, mtumiaji huyu hayupo."

"Nani, mimi?" Bi Mahfudha alicheka tena, kidogo. "Hebu iambie nipo."

Razan alitoka nje akampigia Mugambi palepale. Alimwambia haidhinishi. Alimwambia mlango alioutengeneza ni mbaya, aya ya kusoma iondolewe, kikundi kiundwe, na Kiunga wasipelekewe kitu kabla ya hapo.

"Razan, wa Ndau wote wanafaulu," alisema Mugambi, na kwa kweli alikuwa amestaajabu. "Nitamwambia nini mfadhili? Kwamba wamefaulu lakini hawachekeshi? Kama huwezi kuidhinisha, ataidhinisha mwingine. Andika pendekezo lako, tutaliangalia mwaka ujao."

Aliporudi jikoni, Bi Mahfudha alikuwa amefunga mahamri kwenye karatasi na amekirudisha kishikwambi kwenye waya wake. Sauti za simu alizisikia, kuta za makuti hazifichi kitu. Alimsindikiza mpaka gatini akimshika mkono, akimwonyesha nyumba ya nani ni ipi, na watu wachache waliinua vichwa.

"Siku kitakayoyua kuwa nipo," alisema Bi Mahfudha, Razan akiwa tayari botini, "mtume mtu anambie. Mimi nakitia chaji."

"Inshallah," alijibu Razan, na akaona haya kwa kulitumia jina la Mungu kufunikia kazi yake mwenyewe.

Pendekezo aliliandika usiku na mchana, refu, lenye vielelezo vyote, akalituma. Halikujibiwa. Kabla mwezi haujaisha Kiunga wakaanza kuingia kwenye skrini, jina moja moja, kila mtu na sentensi zake. Fulani amefungua somo la kwanza. Fulani amemaliza. Lilikuwa jedwali safi. Kisanduku cha maswali kilikuwa kitupu.

Razan alipika wali siku hiyo, akaketi chini. Kabla ya kula alifungua kile kisanduku, akaandika neno moja na kuwatumia wanafunzi wote wa Kiunga: Mushakula? Akaiweka kompyuta yake kando ya sahani, akangoja.

Jibu la kwanza lilikuja wali ukiwa umepoa, kutoka kwa mwanamke aliyeitwa Shifaa.

"Samahani mwalimu," aliandika. "Swali hili liko somo la ngapi?"