Oili Ndani ya Dainamo

Shamba la ngano lilipopunguza wafanyakazi, bwana mifugo Xavery aliruhusiwa kuondoka na pikipiki iliyokaa stoo miaka mingi chini ya magunia. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani kuliko ndoa yake. Aliyeifufua ni Tadei, fundi wa matrekta wa shamba hilohilo, ambaye naye alipunguzwa akafungua kibanda cha ufundi pale Basotu.

Kwa pikipiki hiyo Xavery alianza kutibu mifugo kwa kujitegemea, kutoka Basotu hadi Getanuwas. Alikuwa mtu nadhifu. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya kuogesha ng'ombe.

Mwaka 2003, Manyara ikiwa bado mkoa mpya, taa ya pikipiki ilianza kufifia. Injini haikuwa na neno, kwa sababu cheche zake hazikutegemea betri. Lakini taa na honi zilitegemea betri, betri ilitegemea dainamo, na dainamo haikuwa inachaji. Tadei aliifungua akakuta imelowa oili. Akaisafisha kwa petroli, akabadilisha sili inayoizuia oili isitoke kwenye injini, akamwambia Xavery aendelee na kazi. Wiki tatu baadaye taa ikazimika tena. Tadei akaweka sili nyingine. Hiyo nayo haikumaliza mwezi.

Kisha jioni moja Bonaventura wa Getanuwas akatuma mtu kusema ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu mchana. Jua lilikuwa linazama. Njia ile ina makorongo, na bila taa Xavery hakuthubutu. Alikwenda alfajiri, akamkuta ng'ombe amekufa na ndama tumboni. Paskalina, mke wa Bonaventura, alikuwa amekaa kando ya zizi. Xavery akasema pole.

Siku ya mnada alimwendea Tadei mbele ya wateja wake. Alimwambia kwamba anawawekea watu sili feki na kwamba ng'ombe wa Bonaventura amekufa kwa sababu yake. Tadei aliweka spana chini, akasema sili zile alizinunua Arusha na ni halisi. Xavery hakutaka kusikia. Kufikia wiki iliyofuata watu watatu walikuwa wameziondoa pikipiki zao kwa Tadei.

Xavery yeye akaipeleka yake Mbulu, kwa mzee Theodory, aliyetengeneza pikipiki za misheni tangu zilipokuwa mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, inaumwa nini?"

Xavery alieleza yote, na habari za Tadei hakuziacha. Mzee alifungua dainamo, akapitisha kidole ndani, kikatoka cheusi, kinateleza. Alieleza kwamba zipo pikipiki za Kijapani ambazo koili za kuchaji zinakaa ndani ya oili na hazidhuriki, maana oili inazipoza. Hii si hivyo. Hii ina kaboni mbili zinazosugua shaba inayozunguka, na oili ikiingia katikati umeme haupiti. Kisha akaishika sili, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Sili hii ni nzima," alisema. "Aliyeiweka anajua kazi. Hapa oili inasukumwa."

Alieleza kwamba pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo ina bomba lake la kutokea. Bomba likiziba, hewa hutafuta njia nyingine na kuibeba oili. Akalifuata bomba hilo kwa kidole hadi nyuma ya injini, akachomoa kitu kwa koleo, akakiweka kwenye kiganja cha Xavery.

Kilikuwa kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ya ng'ombe.

Hakuna mtu mwingine Basotu aliyekuwa na vizibo vile. Xavery akakumbuka. Bomba lilikuwa linamrushia matone ya oili kwenye suruali, na siku moja, akiwahi kikao cha wilaya, aliliziba. Baadaye akasahau kabisa.

"Ni mimi," alisema.

Mzee hakuonyesha kushangaa. Alirefusha bomba kwa kipande cha mpira ili matone yaangukie chini, akasafisha dainamo, akarudisha sili ileile.

Xavery alisubiri siku ya mnada, kwa kuwa alimtukana mwenzake siku ya mnada. Alisimama mbele ya kibanda, watu wakiwepo, akaeleza kosa lake lote na kuomba msamaha. Tadei alimsikiliza hadi mwisho.

"Bonaventura umemwambia?"

"Bado."

"Nenda huko kwanza. Yule alipoteza ng'ombe."

Alikwenda siku hiyohiyo. Bonaventura aliposikia, aliinuka akaenda kuwatazama ng'ombe wake, hakurudi. Aliyebaki ni Paskalina. Aliuliza kama taa sasa inawaka. Xavery akasema inawaka.

"Basi tukikuita jioni, uje," alisema Paskalina.

Wateja wawili kati ya watatu walirudi kwa Tadei mwaka huohuo. Yeye na Xavery waliendelea kusalimiana, na pikipiki iliendelea kutengenezwa palepale kibandani kwa Tadei. Ila zilipita Pasaka mbili kabla Tadei hajakubali tena kula nyumbani kwa Xavery.